Nyumba Yangu, Ardhi ya Nani? Kuelewa umiliki, makazi na safari katika kijiji cha Indonesia

Video ni ile ile, sura tu ndizo hubadilika. Kijana wa Kizungu amesimama barazani, nyuma yake majaruba ya mpunga yanateremka kama ngazi, jogoo anawika, mnazi umelala upande. Anasema nyumba hii ameinunua kisiwani Bali, Indonesia, tena kwa pesa ambayo Dar es Salaam haikupatii kiwanja cha kuegesha bajaji. Video inarushwa kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, na ikifika adhuhuri maswali yamejaa. Kumbe mgeni anaruhusiwa kununua ardhi kule? Mbona mwingine anasema yule amepanga tu? Na kuna aliyesikia kwamba kuanzia 2026 serikali ya Indonesia inachukua kila shamba lisilo na hati.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kinachowagombanisha ni neno moja, "kununua". Katika kijiji cha Indonesia neno hilo hufunika vitu vitatu ambavyo wenyeji huvitenganisha: udongo wenyewe, kile kilichosimama juu ya udongo, na nafasi ya mtu miongoni mwa wanakijiji. Unaweza kuwa na kimoja ukakosa viwili vilivyobaki.

Mtu wa Pwani hana sababu ya kushangaa. Mombasa zipo nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba ni mmoja na mwenye ardhi ni mwingine, na kodi ya kiwanja hulipwa mwaka baada ya mwaka bila mtu kuona ajabu. Unguja na Pemba mtu anaweza kukuonyesha minazi ya babu yake ikiwa imesimama kwenye ardhi ya ukoo mwingine, na ugomvi ukizuka ni juu ya nazi, si juu ya mchanga. Desturi za Indonesia nazo zimejengwa juu ya wazo hilo hilo: mwenye ardhi si lazima awe mwenye mti au mwenye nyumba. Sheria yao ya ardhi ya 1960 ililichukua wazo hili kutoka vijijini na kulifanya msingi.

Tuanze na kijiji chenyewe. Indonesia ina vijiji takriban 75,000, na kijiji huitwa *desa*. Mkuu wa desa huchaguliwa na wanakijiji kwa kura, na tangu sheria ya vijiji irekebishwe mwaka 2024 hukaa madarakani miaka minane, awamu mbili mwisho. Msichanganye desa na *kelurahan*, ambayo huwa zaidi mijini na mkuu wake huteuliwa na serikali. Ndani ya kijiji kuna vitongoji, na chini kabisa kuna RT, yaani makumi machache ya kaya chini ya mwenyekiti wao. RT ilianzishwa na Wajapani walipoikalia nchi ile kati ya 1942 na 1945, lengo likiwa watu wachungane. Mtanzania aliyekua enzi za balozi wa nyumba kumi anamjua mwenyekiti wa RT bila kuelezwa: ndiye anayejua nani kahama, nani kaugua, na pikipiki ile ngeni iliyolala pale jana usiku ni ya nani. Sahihi yake ndogo huweza kukwamisha jambo kubwa, na hilo la sahihi tutalirudia.

Sasa karatasi. Haki ya juu kabisa ya ardhi Indonesia inaitwa *hak milik*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, maana ni haki na miliki, maneno yale yale ya Kiarabu yaliyotufikia sote kwa bahari. Wana pia *waris*, *hibah* na *wakaf*, na desturi wanaiita *adat*. Hak milik haina mwisho wa muda, hurithishwa, huuzwa, huwekwa rehani. Chini yake zipo haki zenye muda: *hak guna usaha* ya mashamba makubwa, *hak guna bangunan* ya kujenga, na *hak pakai*, haki ya kutumia. Kisha kuna pango la kawaida, mkataba kati ya mwenye ardhi na mpangaji.

Hiyo ndiyo sheria kama ilivyo kitabuni. Kijijini, kwa vizazi, watu wengi hawakuwahi kuiona hati ya namna hiyo. Walichokuwa nacho ni *girik*, kikaratasi kilichofifia chenye jina la babu, namba ya shamba na kiasi cha kodi. Kijiji nacho kilikuwa na daftari lake, maarufu kwa jina la Letter C, lililohifadhiwa kwenye kabati la ofisi ya desa. Girik asili yake ni kumbukumbu ya kodi. Inasema nani alikuwa akilipia shamba. Haisemi kwa uhakika shamba ni la nani. Fikiria stakabadhi ya luku: inaonyesha nani ananunua umeme, lakini hakuna hakimu atakayekupa nyumba kwa sababu unazo stakabadhi za luku za miaka ishirini.

Ukubwa wa pengo hili aliueleza Rais Joko Widodo kwa hesabu aliyoirudia kwenye mikutano mingi. Nchi ilikuwa na vipande vya ardhi milioni 126 hivi, na mwaka 2015 vilivyokuwa na hati vilikuwa milioni 46. Hati zilitolewa kama 500,000 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, aliwaambia watu, mtasubiri miaka 160. Ndipo ukaja mpango wa kupima kijiji kizima kwa mpigo: wapimaji wanafika, jirani na jirani wanaitwa wasimame mpakani, kila mmoja anaonyesha jiwe au mti anaoutambua, wanatia sahihi, kisha wanahamia shamba linalofuata. Ndugu wengi waligundua siku hiyo kwamba hawajawahi kukubaliana mpaka uko wapi.

Uvumi wa 2026 ulizaliwa hapa. Kanuni iliyoanza kutumika Februari 2021 ilisema karatasi za zamani kama girik zipelekwe kusajiliwa ndani ya miaka mitano. Baada ya hapo hazitahesabiwa tena kuwa ushahidi wa haki, zitabaki kuwa kidokezo tu wakati wa kusajili. Ni karatasi iliyopunguziwa nguvu, shamba halikutajwa kwamba litachukuliwa. Anayekaa kwenye ardhi yake, analima, majirani wanamtambua, bado anaweza kuomba hati. Lakini habari ya "girik haitatumika" ilipopita midomo mitatu minne ikawa "serikali inanyang'anya". Waziri wa ardhi mwenyewe, Nusron Wahid, aliongeza petroli Agosti 2025 alipozungumzia ardhi zilizotelekezwa na kusema kwamba mwenye ardhi ni dola. Siku chache baadaye aliomba radhi hadharani. Kanuni ya ardhi iliyotelekezwa ipo kweli, ila shabaha yake kubwa ni makampuni yaliyochukua maelfu ya hekta na kuziacha pori. Shamba la familia lenye hak milik huingia humo kwa masharti machache na magumu.

Turudi kwa kijana wa kwenye video. Je, amenunua?

Hak milik ni ya raia wa Indonesia peke yao, na sheria haikuacha mlango wa uani. Mgeni akiipata kwa mirathi au kwa kuchanganya mali na mwenzi wake wa ndoa, ana mwaka mmoja wa kuiachia. Ukipita, haki inakufa na ardhi inarudi kwa dola. Kwa miongo mingi jambo hili liliwaumiza hata raia wenyewe, hasa wanawake walioolewa na wageni. Kama hawakuandikishana kabla ya harusi kwamba mali zao ziko mbalimbali, ardhi ya mke ilihesabika kana kwamba mume mgeni anamiliki nusu yake. Ilibidi Mahakama ya Katiba iamue, mwaka 2016, kwamba makubaliano hayo yanaweza kufanywa hata baada ya ndoa.

Basi wageni wakabuni njia ya mkato. Unamtafuta mwenyeji, dereva wako au rafiki wa mchumba, ardhi inaandikwa kwa jina lake, nawe unabaki na mkataba wa pembeni unaosema fedha ni zako. Madalali huiuza njia hii kama jambo la kawaida. Ni la kawaida kweli, na ni batili vilevile. Kifungu cha 26 cha sheria ya 1960 kinasema mauzo yoyote yenye lengo la kumfikishia mgeni hak milik, moja kwa moja au kwa kuzunguka, hayapo kisheria. Ardhi inaangukia kwa dola na malipo yaliyokwishatolewa hayadaiwi. Soma tena sehemu ya mwisho. Mwenye jina akifa na watoto wake wakaja na hati, mgeni hana la kusimamia mahakamani, kwa kuwa mkataba wake wa pembeni ndio ushahidi wa kosa lenyewe.

Njia halali zipo mbili kwa mtu wa kawaida. Moja ni hak pakai, kwa mgeni mwenye kibali cha kukaa nchini: miaka 30, kuongezwa 20, kisha kuhuishwa 30. Nyingine ni pango la muda mrefu, na ndilo wanalolipata wengi wa wale tunaowaona kwenye video. Huko kisiwani Bali pango hilo lina mtego mmoja. Ardhi hutajwa kwa *are*, yaani meta za mraba 100, na bei ya pango hutajwa kwa are moja kwa mwaka mmoja. Mtu anaona tarakimu ndogo, anafurahi, anasahau kuzidisha kwa are sita na kwa miaka 25, ambayo aghalabu hulipwa yote mwanzoni. Muda ukiisha, ardhi na kilichojengwa juu yake huenda vikarudi kwa mwenyewe, kutegemea mkataba ulivyoandikwa. Kwa hiyo "nimenunua nyumba Bali" mara nyingi maana yake ni "nimelipa kodi ya miaka 25 kwa mkupuo na nikajenga kwenye kiwanja cha watu".

Kabla hatujawaona Waindonesia kuwa wabaguzi, tujitazame. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kenya, Katiba ya 2010 inampa mgeni pango lisilozidi miaka 99. Indonesia ina ukali mmoja ambao sisi hatuna: hata raia wao hawezi, kwa mujibu wa sheria, kumiliki shamba la kilimo akiwa anaishi mbali nalo. Mwenye jaruba anatakiwa awe mkazi wa tarafa ile ile au ya jirani. Kanuni hiyo ni ya 1961, ilikusudiwa kuzuia matajiri wa Jakarta kukusanya mashamba ya mpunga wasiyoyajua hata kwa macho. Inakwepwa sana, lakini ipo, na huibuka siku ndugu wanapogombana.

Mpaka hapa nimezungumzia ardhi inayouzika. Kuna ambayo raia mwenyewe, mzaliwa wa pale, hawezi kuiuza. Mfano mzuri kuliko yote uko Sumatra Magharibi, kwa Waminangkabau, na naomba tukae hapo kidogo.

Hawa ni Waislamu, tena wenye misikiti na maulamaa wanaojulikana mbali, lakini ukoo wao hufuata upande wa mama. Nyumba kubwa ya ukoo, yenye paa lililochongoka pande mbili kama pembe za nyati, ni ya wanawake, na mashamba yanayoizunguka vilevile. Mali hii huitwa *pusaka tinggi*, urithi wa juu. Hushuka kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa binti. Anayeisimamia ni *mamak*, kaka wa mama. Sisi tunamwita mjomba. Mjomba huyu hutunza, hupatanisha, husemea ukoo mbele ya wazee, ila hawezi kuila mali hiyo na watoto wake wa kuwazaa. Watoto wake ni wa ukoo wa mke wake, na huko yupo mjomba mwingine. Mume anapohamia nyumbani kwa mkewe, methali ya kwao humfananisha na majivu juu ya kisiki: upepo ukivuma, hayupo. Zamani kijana wa kiume hakuwa na chumba katika nyumba ya mama yake. Alilala *surau*, msikiti mdogo wa ukoo, na akipevuka alifunga safari kwenda kutafuta maisha. Ndiyo maana leo huwezi kutembea mji wowote wa Indonesia ukakosa mgahawa wa Kipadang, yaani wa chakula cha Padang, mji mkuu wa Sumatra Magharibi.

Urithi wa juu hauuzwi. Unaweza kuwekwa rehani tu, na kimila sababu ni nne: binti aliyepevuka hana wa kumwoa na arusi inahitaji gharama, maiti imelala ndani na hakuna cha kuzikia, nyumba kubwa inavuja, au cheo cha ukoo kimelala na kinatakiwa kuinuliwa tena. Gari jipya halimo. Mtaji wa duka haumo.

Msomaji wa Lamu au Mkoani atauliza mara moja: na faraidhi je? Waliulizana wenyewe kabla yetu. Sheikh Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyekuwa imamu Makka mwishoni mwa karne ya 19, aliupinga mfumo huu kwa maandishi makali. Maulamaa wengine, akiwemo Haji Abdul Karim Amrullah, waliona tofauti: urithi wa juu unafanana na wakfu, mali ambayo hakuna mtu mmoja aliyekufa akaiacha, basi utaigawaje kana kwamba ni ya marehemu? Mwaka 1952 wazee wa mila, maulamaa na wasomi walikutana Bukittinggi na kupitisha mgawanyo ambao ndio unaoshikwa mpaka leo: alichochuma mtu kwa jasho lake, yaani urithi wa chini, kinagawiwa kwa faraidhi, kilichotoka kwa mabibi kinabaki kwa mabinti. Dhana kwamba "kule mwanamume harithi kitu" basi si sahihi. Harithi shamba la bibi, lakini duka la baba anagawiwa fungu lake kama Mwislamu mwingine yeyote.

Watu wa kisiwa cha Bali nao wana lao. Kiwanja cha nyumba cha familia mara nyingi ni mali ya kijiji cha kimila, na anayekikalia hulipa kwa kazi. Hekalu likiwa na sherehe, unafika. Mtu akifa, unafika. Anayekwepa mara kwa mara anaweza kutengwa, na katika hali mbaya kabisa akanyimwa makaburi ya kijiji. Hata maji ya majaruba hayagawiwi na serikali, yanagawiwa na *subak*, ushirika wa wakulima wenye hekalu lake la maji, na UNESCO iliutambua utaratibu huu mwaka 2012. Mpangaji mgeni hapigi kura humo, ila michango ataombwa. Siku ya Nyepi, mwaka mpya wa watu wa Bali, atakaa ndani kimya kama wenzake, taa zimezimwa, hata uwanja wa ndege hufungwa.

Visiwani Maluku sitakaa sana, ila siwezi kuipita bila kuitaja, maana ndiko mkarafuu ulikotoka kabla haujapandwa Unguja. (Na deni tulililipa: Indonesia, kwa sigara zao za kretek zenye karafuu, ilikuwa ikinunua karafuu za Zanzibar mpaka walipopanda zao za kutosha.) Kule kuna *sasi*. Wazee wakifunga kuti bichi la mnazi mahali, hakuna ruhusa ya kuangua nazi wala kuvua eneo lile, hata kwa mwenye minazi, mpaka siku ya kufungua. Mti ni wako, ila lini utaukwea kijiji nacho kina neno.

Java, kwa wasio na ardhi, njia ya kula ni kulima ya mtu. *Maro* ni nusu kwa nusu, *mertelu* ni fungu moja kati ya matatu. Mwenye shida huweka jaruba rehani, na aliyetoa fedha huvuna mpaka alipwe. Sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 1960 iliweka kikomo ambacho wengi hawakijui: rehani ikifika miaka saba, shamba linarudishwa bila fidia, kwa kuwa mavuno ya miaka yote hiyo yamekwishalipa deni. Ni sheria nzuri. Shida ni kumpata mwenye njaa atakayemkumbusha tajiri wake.

Sasa wewe unataka tu kwenda kutembea, huna haja ya kununua kitu. Safari ya kijijini huishia kwa *ojek*, bodaboda yao, na kuna vijiji vilivyoweka vibao vya kuzuia pikipiki za kuitwa kwa simu zisipakie abiria, ili vijana wa kijiwe cha pale wapate riziki. Usisafiri wiki ya Idi kama huna lazima. Wanaita *mudik*, kurudi kijijini, na mamilioni hutoka mijini kwa mpigo. Barabara za Java hujaa familia nzima juu ya pikipiki moja, mtoto katikati, maboksi ya zawadi nyuma.

Ukifika, ukalala nyumbani kwa watu na si hotelini, utaona kibao kwenye njia ya kuingilia mtaani: *Tamu wajib lapor 1x24 jam*. Mgeni ni wajibu kuripoti ndani ya saa 24. Wenyeji wako watakupeleka kwa mwenyekiti wa RT na pasipoti yako, mtakaa, chai italetwa, utaulizwa umetoka wapi, umeoa, una watoto wangapi. Wageni wengine hukasirika wakidhani wanapelelezwa. Lakini mwenyekiti huyu ndiye yule yule ambaye sahihi yake hutangulia mtu anapotaka kitambulisho, anapohamia, na mara nyingi anapoanza kushughulikia karatasi za kiwanja chake. Asipokujua, kwa kijiji bado hujafika.

Usiku utasikia mlio wa kigogo kilichotobolewa, ko-ko-ko, ukizunguka nyumba kwa nyumba. Ni zamu ya ulinzi, wanaume wa RT wanapokezana kama sungusungu. Vijiji vingi vya Java hutundika kikombe au kopo dogo ukutani mbele ya kila nyumba, na kabla ya kulala mama mwenye nyumba hutia mchele, ujazo wa vidole vichache tu. Siku hizi wengine hutia sarafu. Walinzi wanapopita humimina kwenye mfuko wao, na mchele huo huuzwa ili kununua balbu ya njiani, kutengeneza daraja la mtaro, au kumpelekea mgonjwa chochote. Wanaita *jimpitan*. Aliyepanga chumba kwa mwezi mmoja naye hutundikiwa kikombe.